HERUFI MOJA KATIKA RIPOTI: VIJINENO 'A' NA 'THE' KWA ASKARI NA POLISI WETU

Tuchukulie kwamba kamanda wa kituo kilicho mbali anatuma ujumbe makao makuu, naye ameuandika kwa Kiingereza kwa sababu ofisa atakayeupokea hajui lugha nyingine. Ujumbe wake una maneno manne tu: "We have little ammunition." Tuchukulie tena kwamba saa ile ile kamanda wa kituo cha jirani ametuma ujumbe wake, nao una maneno matano: "We have a little ammunition." Karani mwenye haraka atazifasiri jumbe hizo mbili kwa sentensi moja: tuna risasi kidogo. Atakuwa amekosea, na kosa lake laweza kuwagharimu watu maisha yao. Kamanda wa kwanza amesema kwamba risasi zinakaribia kumwishia na yumo hatarini. Wa pili amesema kwamba hajaishiwa, anazo za kumsogeza kwa muda. Ikiwa gari la risasi ni moja tu na usiku unaingia, ofisa wa makao makuu hana budi kujua ni yupi asemaye nini.

Tofauti yote hiyo imebebwa na herufi moja. Waliosoma Kifaransa shuleni wataitambua mara moja, kwa kuwa ni ile ile iliyopo kati ya 'peu' na 'un peu'. Hata Kiswahili chetu kinao uwezo wa kuieleza: wa kwanza angesema "risasi zilizobaki ni chache mno", na wa pili angesema "risasi bado zipo kidogo". Ila Kiswahili hulazimika kuigeuza sentensi, hali Kiingereza hutosheka na herufi ambayo jicho lililochoka huiruka.

Tumechagua kulizungumzia jambo hili katika ukurasa wa leo kwa sababu Kiingereza si tena lugha ya wageni wapitao njia hapa Bujumbura. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwishoni mwa mwaka huo huo wanajeshi wetu wakatua Mogadishu katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, ambamo waliwakuta Waganda waliotangulia kufika mwezi Machi. Baadaye wakaja Wajibuti, Wakenya, Wasierra Leone na Waethiopia. Mwaka 2014 sheria ya lugha ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Askari aliyekulia Buyenzi au Bwiza alikipata Kirundi nyumbani, Kiswahili barabarani na Kifaransa darasani. Kiingereza kimemkuta akiwa mtu mzima, tena mara nyingi kimemkuta yumo kazini na hana nafasi ya kurudi shule.

Tulipata kukaa nyuma ya darasa moja la Kiingereza la jioni hapa mjini, ambamo askari na polisi waliketi benchi moja na makarani na wafanyabiashara. Mwalimu alikuwa ametoa zoezi: kila mwanafunzi aandike ripoti fupi ya wizi wa kubuni uliofanyika usiku katika duka. Sajini mmoja, mtu wa makamo, alisimama akaisoma yake kwa sauti ya gwaride: "The man broke the door and took the radio and the bag. The woman saw the man." Mwalimu hakumsahihisha. Aliziandika sentensi hizo ubaoni, kisha juu ya kila 'the' akaandika swali moja fupi: "Which?" Yaani yupi, upi, ipi. Sajini akayahesabu maswali, akayakuta sita. "Mwalimu," akasema, "naona unanihoji mimi badala ya mwizi." Darasa zima likacheka. Lakini yeye hakucheka sana. Aliuliza, na swali lake ndilo lililotusukuma kuandika makala haya: vijineno hivi vina kazi gani hasa, maana Kiswahili havina na Kirundi havina, na watu wanaelewana tangu zama za mababu?

Wanasarufi huviita vibainishi. Cha kwanza, 'the', humwambia msikilizaji hivi: kitu ninachokitaja wewe unakijua, au unaweza kukitambua sasa hivi bila kuniuliza, tunazungumzia kile kile. Cha pili, 'a', ambacho mbele ya irabu huwa 'an', humwambia: nakuletea kitu kipya, kimoja kati ya vingi vya aina yake, usihangaike kutafuta ni kipi. Na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Sajini yule alimjua mwizi wake, alimwona waziwazi akilini mwake, kwa hiyo akaandika 'the man'. Lakini kibainishi hakimtazami yule anayesema. Kinamtazama yule anayesikiliza. Mwalimu hakuwa amemwona mtu yeyote.

Si kweli, hata hivyo, kwamba lugha zetu hazina njia ya kulisema jambo hili. Msikilize bibi anapowahadithia wajukuu: hapo kale palikuwa na mfalme mmoja, yule mfalme alikuwa na binti. Mara ya kwanza ni 'mfalme mmoja', kwa kuwa watoto hawajamjua. Mara ya pili ni 'yule mfalme', kwa kuwa wameshajuana naye. Mwingereza angesema 'a king', halafu 'the king', na angekuwa hakumzidi bibi chochote. Tena tunayo njia nyingine ambayo tunaitumia bila kuifikiri. Polisi wa barabarani akisema "nimeona gari", amesema habari mpya. Akisema "nimeliona gari", wenzake wanaelewa kwamba ni lile waliloambiwa asubuhi walingojee. Silabi 'li' iliyopenya katikati ya kitenzi imefanya kazi ya 'the' barabara. (Kwa watu na wanyama njia hii haifai, maana twasema "nimemwona mtu" hata kama mtu huyo hatumjui.) Ama Kirundi, mtu asidanganywe na irabu inayotangulia majina, ile 'u' ya 'umuntu'. Irabu hiyo huondoka katika 'nta muntu' na katika 'uyu muntu', kwa hiyo yafanana na kibainishi inayoingia na kutoka. Lakini 'umuntu' peke yake aweza kuwa mtu yeyote na aweza kuwa mtu yule tunayemjua.

Tofauti ya kweli basi ni hii: katika lugha zetu msemaji huchagua kubainisha pale anapoona haja. Kiingereza hakimpi ruhusa ya kunyamaza. Kila anapotaja kitu kimoja kinachohesabika, hana budi kutamka kama msikilizaji anakijua au hakijui, na akikosea anakuwa ametoa habari ya uongo bila kukusudia.

Vibainishi hivyo havikuzaliwa na lugha. Kilatini, ambacho ndicho mzazi wa Kifaransa, hakikuwa navyo. Kifaransa kilitengeneza 'le' na 'la' kutoka neno la Kilatini lenye maana ya 'yule', na 'un' kutoka neno la 'moja'. Kiingereza kilifanya vivyo hivyo peke yake: 'the' ilitokana na kionyeshi cha kale, na 'an' ni neno 'moja' lililochakaa kwa kutumiwa sana. Yaani Waingereza na Wafaransa waliianza njia ya yule bibi, wakaikanyaga hata ikawa barabara ya lazima. Kiarabu nacho kina kibainishi chake, 'al', nasi tulikimeza tukakisahau tumboni mwa maneno: alfajiri, alasiri, Alhamisi.

Tutakalolieleza sasa ni tukio ambalo kila ofisa anayekwenda kulinda amani ughaibuni yafaa alijue, kwani ndani yake neno la herufi tatu lilibishaniwa na mataifa, na ubishi huo haujazimika.

Mwezi Juni 1967, katika vita vya siku sita, majeshi ya Israeli yaliiteka rasi ya Sinai na Ukanda wa Gaza kutoka Misri, Ukingo wa Magharibi wa Mto Jordan pamoja na Jerusalemu ya Mashariki kutoka Jordan, na milima ya Golan kutoka Syria. Miezi ikapita katika mabishano. Tarehe 22 Novemba 1967, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambalo Ethiopia, Mali na Nigeria zilikuwa miongoni mwa wajumbe wake kumi na watano, lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 242. Aliyelileta ni balozi wa Uingereza, Lord Caradon. Azimio lilitaka majeshi ya Israeli yaondoke, kwa maneno ya Kiingereza, "from territories occupied in the recent conflict". Msomaji atazame vizuri. Haikuandikwa 'from the territories'. Imeandikwa 'from territories' tu.

Kama 'the' ingekuwepo, maana ingefungwa: maeneo yale yanayojulikana, yaliyotekwa vitani mwezi Juni, yote. Ilipokosekana, mlango ukabaki wazi. Israeli ikashikilia kwamba azimio linadai iondoke katika maeneo, si katika maeneo yote, na kwamba kiasi gani ni jambo la kupatana mezani. Nchi za Kiarabu zikajibu kwamba utangulizi wa azimio hilo hilo unatamka wazi kuwa haikubaliki kujitwalia ardhi kwa njia ya vita, na kwa hiyo hapana nafasi ya kubakiza hata shubiri moja.

Je, lilikuwa kosa la mpiga taipu? Hata kidogo. Katika wiki za majadiliano palikuwa na rasimu nyingine zilizotaka maneno 'the' na 'all' yaingizwe, na Waingereza na Wamarekani wakakataa. Lord Caradon mwenyewe alieleza baadaye kwamba neno hilo liliachwa kwa makusudi. Mjumbe wa India, kabla ya kura kupigwa, alitamka barazani kwamba nchi yake inaelewa azimio kuwa linahusu maeneo yote. Naye Lord Caradon akajibu kwamba kila mjumbe ana haki ya maoni yake, ila kinachowafunga wote ni azimio lenyewe jinsi lilivyoandikwa.

Sisi tuliolelewa na Kifaransa ndio hasa tunaopaswa kuitega sikio sehemu ya pili ya kisa hiki. Wakati ule lugha za kazi za Baraza zilikuwa mbili, Kiingereza na Kifaransa, na maandishi ya lugha zote mbili yalikuwa na uzito sawa. Kwa Kifaransa azimio linasema majeshi yaondoke "des territoires occupés". Hiyo 'des' ni 'de' na 'les' zilizounganishwa, na 'les' ni kibainishi cha kitu kijulikanacho. Kama Mfaransa angetaka kuacha jambo wazi, sarufi yake ingemtaka aandike 'de territoires occupés'. Mjumbe wa Ufaransa hakungoja. Baada ya kura tu alisimama akasema kwamba maandishi ya Kifaransa, ambayo ni halali sawasawa na yale ya Kiingereza, hayana utata wowote juu ya suala la kuondoka. Hivyo ofisa Mwingereza na ofisa Mfaransa wangeweza kuketi meza moja, kila mmoja na karatasi yake yenye muhuri ule ule na tarehe ile ile, na wasikubaliane. Na Mrusi, ambaye lugha yake haina vibainishi kama zetu zisivyokuwa navyo, hangeweza kuwaamua kwa karatasi yake.

Misri ilitia sahihi mkataba wa amani na Israeli tarehe 26 Machi 1979, na Sinai ikarudishwa, hatua ya mwisho ikakamilika Aprili 1982. Juu ya maeneo mengine mabishano yangalipo, na wanasheria wangali wakilitaja neno lile lisilokuwepo. Hatusemi kwamba vita na amani vya nchi zile vilitokana na sarufi. Waandishi walitaka mlango uwe wazi ili kura zipatikane, nao wakautumia upungufu wa neno kama fundi atumiavyo bawaba. Tunalotaka lionekane ni kwamba watu hao, walioijua lugha yao vyema, walikihesabu kibainishi kuwa ni kipande cha amri, wakakipigania kama mpaka.

Hata mwezini jambo hili lilifika. Mwanaanga Neil Armstrong, alipoikanyaga ardhi ya mwezi mwezi Julai 1969, alikusudia kusema kwamba ile ni hatua ndogo kwa mtu mmoja na ni ruka kubwa kwa wanadamu. Lakini katika redio 'a' haikusikika, na 'man' bila 'a' maana yake ni binadamu kwa jumla. Sentensi ikawa inajipinga yenyewe. Armstrong alishikilia kwamba aliitamka au alikusudia kuitamka, na watu wameichunguza kanda ile tangu siku hizo.

Turudi duniani, na safari hii tuzungumze na polisi. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi nchini Marekani, Elizabeth Loftus na Guido Zanni, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ni rahisi kulieleza. Waliwaonyesha wanafunzi mia moja filamu fupi ya ajali ya magari, kisha wakawapa maswali ya maandishi. Nusu yao waliulizwa kwa 'a': uliona taa ya mbele yoyote iliyovunjika? Nusu ya pili waliulizwa kwa 'the': uliiona ile taa ya mbele iliyovunjika? Katika filamu taa hiyo haikuwapo. Hata hivyo, miongoni mwa walioulizwa kwa 'the', waliojibu ndiyo walikuwa wengi zaidi. Na walioulizwa kwa 'a' walikuwa tayari kukiri "sijui" zaidi ya mara mbili kuliko wenzao.

Sababu yake tumekwisha kuiona. 'The' humwambia msikilizaji kwamba kitu hicho kipo na kinajulikana. Shahidi anapoulizwa kwa 'the' huona kwamba bwana polisi ameshajua kuwa taa ilivunjika, na linalobaki ni yeye kuwa mwangalifu au mzembe. Nani apendaye kuonekana mzembe mbele ya polisi? Basi hukubali, na kesho yake mbele ya hakimu ataapa kwamba aliona.

Wala mtu asiseme kwamba hayo ni ya Waingereza peke yao. Mpelelezi anayemwuliza mama mwenye hofu, "Ulimwona yule kijana akilitupa lile panga?" amekwisha kumpa kijana, amekwisha kumpa panga, amekwisha kumpa na kitendo cha kulitupa, akambakishia kutikisa kichwa tu. Anayemwuliza, "Ulimwona mtu yeyote? Alikuwa na kitu chochote mkononi?" amemwachia shahidi kazi ya shahidi. Kiswahili kimefanya kwa 'yule' na 'lile' yale yale ambayo Kiingereza hufanya kwa 'the'. Tofauti ni kwamba 'lile' inasikika, hata wakili aliyesinzia ataisikia, hali 'the' hupita kama mbu gizani.

Sasa kanuni chache za kazi, tuzipitie upesi kwa kuwa vitabu vinazo.

Kuchagua kati ya 'a' na 'an' ni kazi ya sikio, si ya jicho. Husemwa 'an ambush', 'an order', 'an unarmed man'; lakini 'a unit' na 'a uniform', kwa sababu zinaanza na sauti ya 'yu'. Husemwa 'an hour' na 'an honest man', kwa sababu 'h' ni bubu. Vifupisho vya kijeshi vinafuata jinsi vinavyotamkwa: 'a UN vehicle' lakini 'an AU officer', 'an RPG', kwa kuwa herufi ya kwanza yatamkwa kama 'aa', 'an NCO' kadhalika.

Mrundi aliyesoma Kifaransa hudhani kwamba ameshaokoka, kwa kuwa vibainishi anavijua. Kumbe ndiye mwenye kutegwa. Kifaransa husema 'la paix', 'la discipline', 'le Burundi', 'le Kenya', 'le capitaine' na jina la mtu. Kiingereza huviacha vitupu: 'peace', 'discipline', 'Burundi', 'Kenya', 'Captain' na jina. Kinyume chake, Kifaransa husema 'il est soldat' bila kibainishi, na Kiingereza hakikubali kabisa 'he is soldier'. Ni 'he is a soldier', mmoja miongoni mwa wengi. Kuna na mtego ambao tumeuona hata katika barua za watu wenye shahada. Kifaransa huhesabu 'une information', 'un équipement', 'un bagage', 'un conseil'. Kwa Kiingereza 'information', 'equipment', 'luggage', 'advice', pamoja na 'evidence' na 'ammunition', havihesabiki kama maji yasivyohesabika, na haviwezi kamwe kutanguliwa na 'a'. Atakaye kuhesabu aseme 'a piece of information', 'a piece of evidence'. Neno 'police' nalo lina tabia yake: 'the police' ni wengi, na hufuatwa na kitenzi cha wengi. 'A police' hayupo. Mmoja wao ni 'a police officer'.

Majina ya mahali yana desturi zake. Ziwa halitaki kitu, 'Lake Tanganyika'. Mto unataka, 'the Rusizi', 'the Ruvubu'. Nchi haitaki, mpaka jina lake libebe neno la kawaida kama jamhuri au falme: 'Burundi', lakini 'the Republic of Burundi'. Jirani yetu wa magharibi katika jina lake rasmi amejaliwa mbili, 'the Democratic Republic of the Congo', kwa sababu Congo kwanza ilikuwa jina la mto.

Nayo gereza. 'He is in prison' maana yake amefungwa. 'He is in the prison' maana yake yumo ndani ya jengo, na huenda ni askari wa zamu, fundi wa bomba, au padri aliyekwenda kusalisha. Mtu akiandika moja mahali pa nyingine juu ya ofisa mwenzake, asishangae akiitwa kujieleza.

Msomaji aliyezoea redio za jeshi huenda akatupinga kwa haki. Atasema: mbona katika mitambo Waingereza wenyewe huvitupa vibainishi hivyo? Ni kweli. Wakati wa simu za maandishi kila neno lililipiwa, na redioni kila neno hula muda, kwa hiyo 'vehicle approaching bridge' ni usemi uliokubalika. Lakini hufanyika hivyo kwa sababu wote wawili wanaliona daraja moja kwenye ramani moja. Ujumbe ule ule ukiingizwa katika ripoti ya maandishi itakayosomwa miezi sita baadaye na mtu ambaye hajafika Somalia wala Bangui, vijineno vilivyotupwa havina budi kurudishwa. Anayevirudisha lazima ajue gari hilo ni lile lililotajwa katika amri ya asubuhi au ni gari jingine tu. Kama hajui, na aulize. Akibahatisha atakuwa ameandika jambo ambalo hakuna aliyeliona.

Tulimwacha sajini ubaoni na maswali yake sita. Alipewa dakika kumi. Akaandika upya: "A man broke the door of a shop and took a radio and a bag. A woman saw the man." Mwalimu akafuta 'Which?' moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki ya mlango. Sajini akajitetea kwamba mlango ni wa lile duka, na duka lina mlango. Mwalimu akaridhika, akanyanyua mkono afute. Ndipo polisi mmoja kijana, aliyekaa pembeni na ambaye jioni nzima hakuwa amefungua kinywa, akasema, "Samahani, afande. Maduka ya hapa sokoni yana mlango wa mbele na wa nyuma. Huyu mwizi alivunja upi?"

Sajini alitazama ubao kwa muda. Kisha akachukua chaki, akachomeka neno moja kati ya 'the' na 'door': 'back'.